Umetoka ushago na stori za mawindo, nyumbani wamenuna. Sasa?

Krismasi ikiisha, mabasi ya kutoka Kakamega, Busia na Siaya hurudisha watu Nairobi na mizigo ya kila aina: ndizi, njugu, kuku mzima aliyefungwa miguu, na stori. Yako ni ya mawindo. Ulitoka alfajiri na binamu zako na mbwa watatu, mkakimbiza sungura hadi mtoni, na video iko kwenye simu. Unashuka Kawangware 46, unafika nyumbani, unaketi na familia, unaicheza. Mathe anatazama sekunde tano, kisha anarudi kwa ugali wake bila neno. Dadako anasema, "Ai, mlimfanyia hivyo?" Kwa grupu ya WhatsApp ya mabeshte ndio mambo mabaya zaidi. Mmoja anauliza kama siku hizi umekuwa jangili. Mwingine anatoka kwa grupu.

Hapo ndipo wengi huchemka. Unaanza kujibu kila mtu kwa mkupuo: hii ni mila yetu, babu alikuwa anawinda, nyinyi mmekuwa wazungu. Shida ya jibu hilo ni kwamba hao watu wote wamekasirika kwa sababu tofauti. Jibu la dadako halimfai mamako, na la mamako halimfai yule beshte aliyetoka kwa grupu.

Tuanze na mathe, kwa sababu yeye ndiye mwenye nyumba.

Kama ni Msabato, na Kibera Wasabato ni wengi tu, ana hoja ya Biblia na anaijua sura. Mambo ya Walawi 11 inamtaja sungura kwa jina kati ya wanyama wasioliwa. Usijaribu kumshinda hapo. Najua jamaa wa Gatwekera aliyejaribu. Alimkumbusha mamake kwamba kware waliliwa na wana wa Israeli jangwani, iko kwenye Kutoka 16. Mathe akamwambia aendelee kusoma hadi Hesabu 11, awaone waliokusanya kware wakashikwa na pigo nyama ikiwa bado mdomoni. Mjadala ukaishia hapo, na jamaa akaosha vyombo.

Lakini hata mathe asiye Msabato atanuna, na ukimsikiza vizuri utagundua sungura ni kisingizio. Anaogopa polisi. Na hapo, manze, ana haki kabisa.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwezi Mei 1977. Sheria ya wanyamapori ya 2013 ikakaza zaidi. Kuwinda kwa ajili ya kitoweo tu, sungura wa sufuria moja, ni kosa, na faini inaanzia shilingi 30,000 au kifungo kisichopungua miezi sita. Ukishikwa na nyama ya porini, hata kama si wewe uliyewinda, faini inaanzia 200,000 au mwaka mmoja ndani. Soma tena hiyo ya mwisho. Kushikwa nayo tu. Sasa fikiria nyumba ya futi kumi kwa kumi pale Laini Saba, mnalala watano, na chini ya kitanda kuna mfuko wa nyama iliyokaushwa ambayo binamu alikutumia kwa basi la usiku. Umeweka mfuko kwa nyumba ya nani? Kodi analipa nani? Wakibisha mlango, wewe uko kwa mjengo na aliye ndani ni mathe. Mama mboga hana 200,000 za kutoa mahakamani, na hata hiyo 30,000 itabidi achangiwe na chama.

Kuna na ugonjwa. Nyama ya bucha ina muhuri wa mkaguzi, angalau ile ya bucha inayojiheshimu. Ya porini haijakaguliwa na mtu. Mwaka 2015 nyati wengi walikufa kwa kimeta katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, na kimeta hakichagui kati ya anayechuna na anayekula. Mathe wa Nairobi ambaye ameishi na stori za nyama ya punda miaka yote hii hawezi kulaumiwa akiuliza hii imetoka wapi.

Kwa hivyo kwa mathe jibu ni fupi: hakuna nyama itakayoingia hapa. Liseme kwa mdomo wako kabla hajakuuliza. Utashangaa jinsi atakavyoanza kukuuliza stori ya mbwa.

Mabeshte ni kesi nyingine. Wengi waliosoma shule za mtaa walipitia Wildlife Clubs of Kenya, vilabu vya shule vilivyoanzishwa 1968. Mtu ameishi Makina maisha yake yote, Mbuga ya Nairobi iko karibu vile, lakini twiga wa kwanza kumwona alimwona kwa basi la shule akiwa darasa la sita. Ile siku haijamtoka. Ukimwonyesha mbwa wakirarua kitu kinachopiga kelele, haoni mila yenu. Anaona ile siku ikiharibiwa.

Najua unachotaka kumwambia: "Na wewe Jumamosi ulikuwa Kenyatta Market unatafuna mbavu, mbuzi alikufa kwa usingizi?" Ni jibu tamu na watu watacheka. Halijibu chochote. Mbuzi wa Kenyatta Market alichinjwa kwa kisu mara moja. Sungura wako alikimbizwa nusu saa, na wewe ukarekodi. Kama ungetaka kuwa mkweli ungekubali kwamba kilichomuudhi ni kicheko chenu kwenye video, na ungeifuta kwa grupu bila kuambiwa mara mbili.

Kama mpenzi wako ni Mnubi wa Kibera, swali lake litakuwa tofauti tena: nani alichinja, na alitaja jina la Mwenyezi Mungu? Uwindaji wenyewe dini yake haiukatai, una masharti yake. Kinachomsumbua ni mbwa wasiofunzwa, mate yao, na mnyama aliyekufa kabla ya kisu. Ukimjibu kwa hotuba ya mila za Waluhya, hamtaelewana hata mkeshe.

Wanubi nao, kwa taarifa yako, ndio waliotupa jina la mtaa. Kibra kwa Kinubi ni msitu. Askari wa King's African Rifles wenye asili ya Sudan walikaa pale tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na msitu ulikuwa msitu kweli. Kipande chake bado kiko, Ngong Road Forest, nyuma tu ya mabati. Kawangware nayo, muulize mzee yeyote wa Kikuyu: ndani ya jina kuna ngware, yule ndege ambaye Kiswahili humwita kwale. Kwa hivyo mtu akikwambia mambo ya porini ni ya watu wa mbali, mwonyeshe kibao cha steji.

Hapa nataka tutofautishe vitu viwili ambavyo vijana huvichanganya wakijitetea. Kuna waya, na kuna isindu.

Waya ni ule mtego wa kitanzi unaofungwa kwenye kichaka ukaachwa. Hauchagui. Unanasa paa mwenye mimba, mbwa wa jirani, ndama wa mwenye shamba. Mnyama anakaa nao siku mbili, tatu, akijikata mguu taratibu. Aliyeutega yuko baa. Mimi kwa huo sina utetezi, na kama watu wako wanakunyima salamu kwa sababu yake, wako sawa. Mbwa nao, wakiachiwa kundi zima kwa ajili ya video, sioni tofauti kubwa.

Isindu ni mambo mengine. Kama una kwenu Uluhyani unajua, na Mjaluo anajua pia, kwake ni aluru. Ni kware mdogo wa rangi ya majani makavu. Mzee anamfuga mmoja au kadhaa kwenye vikapu vya kusuka, anavining'iniza kwenye mti mrefu ulionyooka uliosimamishwa katikati ya shamba. Kabla jua halijatoka, wale wa kwenye vikapu wanaanza kuita. Wa porini wanajibu kutoka kwenye nyasi, wanasogea kidogo kidogo, na chini huko kuna mitego. Ustadi wote uko kwenye kumtunza ndege anayeita: ale nini, akae kikapu gani, asiunguliwe na jua. Mzee anaweza kumtambua wake kwa sauti hata kama jirani ana kumi. Wajukuu kazi yao ni kunyamaza, kitu ambacho mtoto wa Nairobi huchukua siku tatu kujifunza.

Nikisema isindu ni mambo mengine simaanishi sheria inamruhusu. Kware ni ndege wa porini kisheria. Hata kumfuga kunahitaji kibali cha KWS, na wengi walilijua hilo mwaka 2013 na 2014 wakati kila mtu na shangazi yake walikuwa wafugaji wa kware, mayai yakiuzwa kama dawa ya kila kitu, kabla soko halijaanguka na watu wakabaki na vizimba vitupu. Ninachosema ni kwamba unapomweleza mtu kwa nini asubuhi zile na kuka wako zina maana kwako, mweleze hizo. Eleza ule mti, vikapu, ukimya. Watu wengi waliokunyima sikio kwa sababu ya video ya mbwa watakaa wakusikize kwa hii.

Na kuna neno moja ambalo usikubali lipite hivi hivi: jangili.

Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Katika safari yao ya Afrika, wawili hao waliua wanyama 512 kwa hesabu yake mwenyewe. Vitabu vinamwita mwindaji. Miaka ya 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha msako Tsavo dhidi ya Wawaata, wale waliokuwa wakiitwa Waliangulu, na Wakamba waliowinda kwa upinde na mshale wenye sumu. Walifungwa. Wao vitabu vinawaita majangili. Mzungu mwenye leseni aliendelea kupiga picha na mnyama aliyekufa hadi ile marufuku ya 1977. Waogiek wa Mau, ambao mawindo na asali vilikuwa maisha yao, walifukuzwa msituni kwa jina la uhifadhi, hadi Mahakama ya Afrika kule Arusha ilipoamua mwaka 2017 kwamba serikali ilikiuka haki zao.

Kwa hivyo beshte akimwita kuka wako jangili, una haki ya kumsimamisha. Babu yako alizaliwa kwenye dunia ambapo ndege wa shambani alikuwa kitoweo cha nyumbani, na sheria ilimkuta akiwa mtu mzima. Mwambie hivyo, kwa upole. Lakini historia ya babu haikupi wewe kibali cha kufunga waya mwaka huu. Wanyama wamepungua, watu tumeongezeka, na wewe una bucha mbili kwenye ploti moja. Naona vijana wakiitumia stori ya Roosevelt kama tikiti ya kwenda kuua digidigi Kajiado wikendi na pikipiki ya kukodi, na ni uongo. Hao wanauza nyama.

Sasa upande ambao hauzungumziwi. Ukiamua kuacha, watakaonuna ni wale wa ushago. Binamu watasema umekuwa mtu wa Nairobi, umeanza kuogopa damu. Anko atakutania mbele ya wageni. Hiyo inauma kuliko maneno ya grupu, kwa sababu kule ndiko ulikofunzwa kutembea bila kukanyaga kijiti, na walikuamini.

Kwa anko usilete hotuba ya uhifadhi. Wewe ni mtoto wake, na mtoto hamfundishi mzee mbele ya watu. Nenda naye asubuhi hata hivyo kulisha wale ndege wa vikapuni, mwombe akuonyeshe jinsi kikapu kinavyosukwa, maana wanaojua kusuka wanaisha. Rekodi ule mwito kwenye simu. Kama bado una ile njaa ya kuvizia na kufuata nyayo, na njaa hiyo ipo, siikatai, Nature Kenya wana matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi kuanzia Jumba la Makumbusho. Nilidhani ni mambo ya wastaafu wenye kofia. Wako, ndiyo, lakini kuna na vijana wa mtaa wenye macho makali kuliko darubini, na wengi ukiwauliza walijifunzia wapi watakwambia ni manati.

Binamu ndiye mgumu. Ataendelea kutuma picha, na siku moja ataandika kwamba amekuwekea kitu kwa basi la usiku, uende kukichukua steji. Usimjibu kwenye grupu, utamwaibisha na ataongeza. Mpigie usiku, baada ya saa tatu, akiwa peke yake. Mwulize mbwa wanaendeleaje, mwulize mahindi. Kisha mwambie ashushe huo mfuko kabla basi halijaondoka, kwa sababu nyumba ni ya mathe.