Vidole Vikifa Ganzi: Fundi wa Mashine za Mtetemo Aulizwe Nini?

Mwanzoni mwa 1918 daktari Alice Hamilton alifika Bedford, jimbo la Indiana nchini Marekani, kuwachunguza mafundi wanaochonga mawe ya chokaa. Malalamiko yao yalifanana. Asubuhi ya baridi vidole hugeuka vyeupe pe, ganzi hushika, na fundi hubaki akivisugua mpaka damu irudi. Hamilton aliona jambo la kushangaza: mkono wa kushoto, unaoshika patasi, ulikuwa umeathirika kuliko wa kulia unaoshika nyundo ya upepo. Madhara yalifuata njia ya mtetemo.

Leo Shirika la Kazi Duniani (ILO) limeyaweka magonjwa ya mtetemo katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi. Anayeshika grainda, msumeno wa mnyororo, mashine ya kuvunja zege au ya kutoboa mwamba, mtetemo humwingia kupitia kiganja. Miaka ikipita, neva ndogo za vidole huharibika, na mishipa midogo ya damu huwa myepesi kubana kupita kiasi inapoguswa na baridi. Nguvu za mkono nazo hupungua. Neva zikishaharibika sana, hakuna dawa ya kuzirudisha. Kwa sababu hiyo afya ya mfanyakazi hufuatiliwa mapema, angali anafunga vifungo vya shati lake bila shida.

Uingereza ina kanuni za mwaka 2005 zinazoonyesha ufuatiliaji huo unavyofanyika. Mtetemo wa siku ya kazi ya saa 8 ukifika mita 2.5 kwa sekunde mraba, mwajiri lazima achukue hatua, ikiwemo uchunguzi wa afya. Ukizidi 5, kazi hairuhusiwi kuendelea hivyo. Hesabu yake haina huruma: mtetemo wa mashine ukiongezeka mara mbili, muda wa kuishika hushuka hadi robo. Mashine ya 5 humfikisha fundi kiwango cha kuchukua hatua kwa saa 2, ya 10 kwa nusu saa.

Uchunguzi wenyewe hauanzi na mashine ya gharama. Huanza na karatasi ya maswali kabla mtu hajapewa kazi, ili ijulikane mikono yake ilikuwaje, kisha maswali hurudiwa kila mwaka. Je, vidole hubaki na ganzi au hali ya kuchomwachomwa zaidi ya dakika 20 baada ya kuzima mashine? Je, usiku unaamshwa na maumivu au ganzi ya mkono? Unapata tabu kuokota skrubu ndogo? Vidole vimewahi kugeuka vyeupe? Mfanyakazi akijibu ndiyo, huonwa na muuguzi au daktari aliyesomea afya ya kazini, ambaye hupima nguvu za kushika na hisi za kila kidole, mkono mmoja mmoja, kisha hupanga ugonjwa umefika daraja gani.

Hapa ndipo sisi wa nchi za joto tunapaswa kuwa macho. Swali la vidole vyeupe lilizaliwa kwenye baridi. Fundi wa Dar es Salaam au Mombasa anaweza kufanya kazi miaka mingi asiuone weupe huo hata siku moja, huku neva zake zikiharibika. Akiulizwa weupe peke yake, ataandikiwa kwamba ni mzima. Na ugonjwa wa mtetemo upo Afrika pia: nchini Afrika Kusini, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta ugonjwa huu kwa asilimia 15 ya wachimbaji wa dhahabu wanaotumia mashine za kutoboa mwamba, dhidi ya asilimia 5 ya wenzao wasiozitumia. Kwetu, swali la kwanza liwe la ganzi na skrubu.

Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayotaka wafanyakazi wapimwe afya, na upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini kupima presha na kupiga picha ya kifua hakuonyeshi kidole kilichokufa ganzi. Na hata swali sahihi halisaidii likiulizwa mbele ya msimamizi: nani atakiri kwamba mkono umechoka, akijua kesho kibarua kitaota nyasi? Daktari anatakiwa amwambie mwajiri iwapo mtu anafaa kwa kazi fulani. Mengine ni siri ya mgonjwa.

Wala kupima hakupunguzi mtetemo. Huko Suomussalmi, Finland, vidole vyeupe miongoni mwa wakata miti vilishuka kutoka asilimia 40 mwaka 1972 hadi 5 mwaka 1990, hasa kwa sababu misumeno ilitengenezwa upya, mishikio ikatenganishwa na injini. Glovu, ambazo wengi huzitegemea, hukinga mikwaruzo na baridi. Mtetemo wa mashine nzito huzipita.

Kama vidole vyako bado vina ganzi dakika 20 baada ya kuzima mashine, usingoje upimaji wa mwaka. Mwone daktari, umweleze ni mashine gani unaishika na kwa saa ngapi kwa siku, kwa maana asipoambiwa huenda asiulize.