Bunduki ya upepo ikiharibika, usimwachie mtoto aitengeneze

KATIKA baadhi ya nyumba ipo bunduki ya upepo ya kukunja mtutu, inayotumika kufukuza ndege shambani au kulenga shabaha siku za mapumziko. Kwa kuwa haitumii baruti, wengi huiona kama kitu cha kuchezea. Ikiharibika, hukabidhiwa kijana anayependa ufundi aichokonoe kwa bisibisi. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwani bunduki mbovu haitabiriki.

Ndani yake kuna springi nene na pistoni. Mtutu unapokunjwa kuelekea chini, springi hubanwa na kunaswa. Kifyatulio kikivutwa, springi huachiwa, pistoni hukimbia mbele na upepo husukuma risasi, mara nyingi ya milimita 4.5 au 5.5. Risasi hiyo inaweza kutoboa jicho.

Kabla ya ukaguzi, watoto waondoke. Ichukulie bunduki kuwa ina risasi hata ukiambiwa haina, elekeza mtutu mahali salama na weka kidole mbali na kifyatulio. Mtutu ukiwa umekunjwa, ushike kwa nguvu wakati wote. Ukichomoka, hurudi kwa kasi ya kuweza kuvunja au kukata vidole.

Nguvu zimepungua

Angalia raba ndogo ya duara iliyo nyuma ya mtutu, pale unapokunjika. Ikichakaa, upepo huvuja. Ili kuhakikisha, laza kipande cha karatasi laini juu ya kiungo hicho, weka risasi, kisha fyatua kuelekea shabaha yenye kizuizi imara nyuma yake. Karatasi ikirushwa, raba inavujisha. Weka nyingine ya kipimo kile kile. Raba ikiwa nzima, huenda tatizo ni springi au sili ya pistoni. Hiyo ni kazi ya fundi. Usijaribu bunduki bila risasi, kwani pistoni hugonga mbele bila kizuizi cha upepo na kuharibika.

Inakosa shabaha

Mtikisiko wa springi hulegeza skrubu za kitako. Bunduki ikiwa haijakokiwa, zikaze kwa kiasi, kisha angalia kama kilengeo kimelegea.

Inatoa moshi na mlio mkubwa

Mafuta yameingia mbele ya pistoni na yanawaka kwa joto la upepo uliobanwa, kama ilivyo katika injini ya dizeli. Vijana hufurahia mlio huo wakidhani bunduki imepata nguvu, kumbe springi na sili zinaumia. Moshi kidogo katika bunduki mpya ni kawaida na huisha. Ukiendelea, acha kuitumia. Usipulizie mafuta ndani ya mtutu.

Hainasi au inajifyatua

Acha hapo hapo. Sehemu za kifyatulio zimelika au zimechafuka. Usizipige tupa wala kuzifunga kwa waya. Kama imekokiwa na haifyatuki, iwekwe katika chumba kinachofungwa, mtutu ukielekea mahali salama, kisha aitwe fundi wa bunduki.

Risasi imekwama

Usichungulie mtutu, wala usifyatue risasi nyingine nyuma yake. Mpelekee fundi.

Jambo moja halifanyiki nyumbani kabisa: kufungua sehemu ya nyuma inayozuia springi. Hata bunduki isipokokiwa, springi hiyo bado imebanwa, na ikiachiwa ghafla huruka usoni. Mafundi hutumia kibanio maalumu.

Mtoto akipigwa jichoni, usilisugue, usilikandamize wala kulisafisha, na usitoe kilichoingia. Lifunike kwa kikombe safi kisichogusa jicho, kisha mkimbize hospitali.

Baada ya kushika risasi za madini ya risasi, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto.

Nchini Uingereza, tangu mwaka 2011 sheria inamtaka mwenye bunduki ya upepo achukue tahadhari ili walio chini ya miaka 18 wasiifikie bila ruhusa. Popote ulipo, uliza kituo cha polisi taratibu za kuimiliki. Ihifadhi ikiwa haijakokiwa, ndani ya kabati lenye kufuli, na risasi zake mahali pengine. Ile inayosubiri fundi nayo ifungiwe, maana mtoto aliyeambiwa “hiyo ni mbovu” ndiye atakayeichezea bila woga.