Pampu ya Kujiwasha: Panga Chaneli Vizuri Kabla Hujaenda Kulala



Juzi kati nilipigiwa simu alfajiri na kijana anayelima pilipili hoho kwa umwagiliaji wa matone. "Afisa, njoo uone, shamba limegeuka bwawa!" Nilipofika nikakuta tangi limefurika, matuta matatu yamezama, na yuniti za LUKU zimekwisha zote. Kumbe usiku panya alitafuna waya wa kihisi cha maji. Programu ikadhani tangi ni tupu, ikawasha pampu, ikaiacha hivyo hivyo mpaka umeme ulipokata.

Tusimlaumu panya peke yake. Kosa kubwa lilikuwa kwenye mipangilio ya chaneli. Tuzipitie moja moja.

1. Chaneli ya kuingiza

Hii inapokea taarifa kutoka kwenye kihisi. Vihisi vingi vya kina cha maji hutuma umeme mdogo, miliampia 4 hadi 20. Programu haijui maji, inajua namba tu. Wewe ndiye wa kuielewesha. Kama kihisi chako kinapima meta 0 hadi 2, andika hivi: 4 ni meta 0, na 20 ni meta 2. Hapo 12 itasomeka meta 1.

Kwa nini ianzie 4 na siyo 0? Ili tangi tupu lisifanane na waya uliokatika. Waya ukikatika inasoma 0, na ukipiga hesabu unapata nusu meta chini ya sakafu ya tangi! Maji gani hayo? Kwa hiyo weka sharti: ikisoma chini ya 3.6, hiyo ni hitilafu, siyo kina cha maji.

2. Chaneli ya hesabu

Hii haina waya. Inachukua namba ya chaneli nyingine na kuikokotoa. Tangi la duara lenye kipenyo cha meta 2 lina eneo la meta za mraba 3.14 chini. Zidisha kina kwa 3.14, kisha kwa 1,000, unapata lita. Maji ya meta 1 ni lita 3,140. Faida yake? Kama valvu zimefungwa, pampu imezima, na lita zinapungua usiku, ujue kuna mahali panavuja.

3. Chaneli ya kutoa

Hii ndiyo inayoamuru pampu kupitia relei. Weka namba mbili: washa maji yakishuka hadi meta 0.5, zima yakifika 1.8. Ukiweka namba moja tu, pampu itawaka na kuzima kila mara mpaka mota iungue. Halafu ongeza sharti la tatu, lile alilosahau kijana wetu: kukiwa na hitilafu, pampu ZIMA na meseji ije kwenye simu.

Jaribu kabla ya kuamini

Pima kina kwa fimbo, linganisha na kinachosomeka kwenye programu. Kisha chomoa waya wa kihisi makusudi wakati pampu inafanya kazi. Isipozima, usiende kulala, rudi kwenye mipangilio.

Yule kijana tulirekebisha yote kwa nusu saa. Hoho za matuta yale matatu, mizizi ilishaoza.

Kazi njema, tukutane shambani.