Kazi Haimwiti Tena Msomi

Katika miaka iliyofuata uhuru, kijana aliyehitimu chuo kikuu hakuwa na haja ya kutafuta kazi, kwa kuwa wasomi walikuwa wachache na serikali iliyomsomesha ndiyo iliyompangia kituo: alipewa barua, akafunga mizigo, akaenda. Utaratibu huo ulikoma pamoja na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980 na 1990, lakini athari yake haijatoka majumbani mwetu. Hata leo, katika kaya nyingi za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, mzazi humnasihi mwanawe asubiri, kana kwamba shahada ni ahadi ambayo dola itaitimiza kwa wakati wake; naye kijana, akiisha kuchoka kusubiri, hutia nakala za vyeti katika bahasha za kaki, hupanda gari alfajiri Maili Moja au Kisarawe mjini, na kushinda Dar es Salaam akiwagawia walinzi wa malango. Mimi nadhani njia zote mbili, ya kungoja na ya kugawa bahasha, aghalabu hazimfikishi mtu mbali, na sababu zake zapasa kuelezwa.

Tuanze na utumishi wa umma, ambao wengi huutamani kuliko kazi nyingine yoyote, hasa Kisarawe, mahali ambapo nje ya mashamba ya mihogo na mikorosho mtu mwenye mshahara wa mwezi ajulikanaye na kila mtu kijijini ni mwalimu, muuguzi au afisa ugani. Marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma yaliunda Sekretarieti ya Ajira, na maombi yake siku hizi hupokelewa kwa mtandao, katika mfumo uitwao Ajira Portal, wala si kwa bahasha wala kwa kumwona mtu. Matangazo yake yana masharti ambayo hayabadiliki sana: uraia, umri usiozidi miaka 45, barua iliyotiwa saini, wasifu wenye majina ya wadhamini watatu, cheti cha kuzaliwa, na nakala za vyeti vya taaluma zilizothibitishwa na wakili. Hati za matokeo, zile karatasi za muda ambazo mhitimu huzishika mkononi kabla ya cheti chenyewe, hazikubaliki. Aliyesoma ng'ambo hana budi vyeti vyake vitambuliwe kwanza na mamlaka za hapa nchini.

Msomaji atasema hayo ni mambo madogo, ya makarani. Hasha! Hapo ndipo wanapokwama wengi ambao elimu yao haina dosari. Mtoto wa Pwani huandikishwa darasa la kwanza kwa jina la babu aliyemlea, akafanya mtihani wa kidato cha nne kwa jina la baba, kisha cheti chake cha kuzaliwa, kilichotafutwa miaka mingi baadaye, kikaja na tahajia ya tatu. Na namba ya utambulisho wa taifa nayo ikafuata mojawapo ya majina hayo bila mashauri. Jamaa zake wanamjua kuwa ni yuleyule, lakini mfumo haumjui. Tofauti hiyo huondolewa kwa hati ya kisheria ya majina, iliyoandaliwa na wakili na kusajiliwa, na jambo hilo huchukua muda, ilhali dirisha la maombi hufunguliwa kwa siku chache tu. Anayeanza kushughulikia majina yake siku tangazo lilipotoka amekwisha kuchelewa.

Mwombaji akiitwa, husailiwa kwa mchujo wa maandishi, pengine kwa vitendo kwa kada zinazohitaji hivyo, na mwisho kwa mahojiano. Nauli, chakula na malazi ni juu yake mwenyewe, na vyeti halisi lazima awe navyo mkononi. Mchujo huuliza yale ya taaluma yake, basi daftari za chuo zisiuzwe kwa wauza vitumbua.

Sasa tugeukie Kibaha, ambako hali ni ya namna nyingine kabisa. Mji huo umezungukwa na viwanda, kuanzia kile cha kutengeneza dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa utaalamu wa Kuba, hadi maeneo ya viwanda ya Zegereni na Kwala. Reli mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024, inapita Soga na Ruvu. Na Kwala kuna bandari kavu. Waajiri wa namna hii hawana subira ya serikali. Mhasibu wa ghala akiondoka leo, meneja humtaka mwingine wiki hii, na kabla ya kuandika tangazo huwauliza watu wake wa karibu: mnamfahamu nani? Vijana huliita jambo hili koneksheni, nao hulitaja kwa uchungu, kana kwamba ni dhuluma tupu. Dhuluma imo, sikatai, pale nafasi inapopewa mpwa asiyejua kazi. Lakini mara nyingi mwajiri anatafuta amana tu: mtu ambaye mwingine amemwona akifanya kazi.

Na mwanafunzi hupewa nafasi ya kuonekana, nayo ni mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi. Inasikitisha jinsi wengi wanavyoyafanya kama kero ya kujaziwa fomu na kupigiwa muhuri, wakichagua ofisi iliyo karibu na nyumba ya shangazi mjini, hali kule kiwandani Kibaha wangeweza kushika stoo kwa wiki nane na kuondoka wakiwa na msimamizi anayewajua kwa jina. Huyo ndiye mdhamini wa kweli, kuliko mhadhiri aliyekuwa na wanafunzi mia tatu. Akiisha kupatikana, apigiwe simu sikukuu zinapofika, wala asikumbukwe siku ya shida peke yake.

Isitoshe, kiwanda huuliza unaweza kufanya nini kesho asubuhi, na ujuzi wa kulijibu swali hilo hufundishwa hapohapo Kibaha. Shirika la Elimu Kibaha, lililoasisiwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa serikali mwaka 1970, liliweka shule ya sekondari, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya mahali pamoja, na mpaka leo lina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kinachofundisha ufundi. Mwenye shahada ya biashara akijifunza huko umeme wa majumbani au udereva hajajishusha hata kidogo. Ameongeza mstari mmoja katika wasifu ambao meneja atausoma mara mbili.

Juu ya matapeli nitasema kwa ufupi: Sekretarieti haitozi ada, na yeyote anayedai fedha za kukupitisha katika usaili ni mwizi, hata akiwa na kitambulisho shingoni.

Kazi ikipatikana, soma kabla ya kutia saini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamlazimu mwajiri kumpa mwajiriwa maelezo ya kazi yake kwa maandishi: cheo, mahali, saa na ujira. Sheria hiyohiyo haimpi kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri huyo, kwa hiyo miezi hiyo ni ya kuwahi na kuwa mwangalifu.

Nanyi wazazi nawaomba jambo moja. Mwanenu akiwa bado mwaka wa pili chuoni, kaeni naye jioni moja na vyeti vyake vyote mezani, mlinganishe majina herufi kwa herufi, na nauli mliyokusudia kumpa ya kugawia bahasha mjini mmpe aende kwa wakili.