Utangulizi: Afisa wa Umma na Shule ya Biashara

Wengi hulitazama somo la utawala wa umma kuwa kavu, la masijala, majalada na madokezo. Ndani yake, hata hivyo, mna ubishi wa zaidi ya miaka mia moja ambao haujapata mwamuzi: afisa wa serikali afundishwe kama meneja wa kampuni?

Mwaka 1887 Woodrow Wilson, akiwa bado mwalimu wa chuo, miaka mingi kabla ya kuwa rais wa Marekani, aliandika kwamba utawala ni kazi ya jamii moja na biashara, na kwamba ukae mbali na vurugu za siasa. Fikra hiyo ilirudi kwa nguvu miaka ya 1980, Uingereza na New Zealand zilipoanza kuendesha idara kwa mikataba na malengo. Mwaka 1991 mwanazuoni Christopher Hood akaijadili kwa jina ambalo limedumu, menejimenti mpya ya umma. Kwetu Tanzania haikuchelewa. Sheria ya Wakala za Serikali ya mwaka 1997 ilifungua njia kwa wakala kama TANROADS, wa barabara, na BRELA, wa usajili wa biashara na leseni. Kenya ikaanza mikataba ya utendaji mwaka 2004.

Faida zake sizikatai. Aliyewahi kuzungushwa kwa "njoo kesho" anajua thamani ya ofisi inayojiwekea muda wa kumhudumia mtu na kuutimiza. Hesabu za gharama, upangaji wa kazi, usimamizi wa watu: haya yote afisa ayasome, tena kwa bidii.

Lakini mwenye duka Kariakoo, Dar es Salaam, akiona tawi halimlipi, hulifunga. Mganga Mkuu wa Wilaya hafungi zahanati kwa sababu kijiji kina watu wachache. Mwenye duka humpigia simu muuzaji anayemwamini na mzigo ukaja. Afisa ugavi hutangaza zabuni, huweka kumbukumbu, na kila hatua yake inaweza kuulizwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kisha afisa masuuli akaitwa mbele ya kamati ya Bunge kujieleza. Sehemu ya ule ucheleweshaji tunaoulaani ni ulinzi wa fedha ya umma. (Sehemu nyingine ni uvivu tu, na kuitenganisha na ya kwanza ni ufundi unaohitaji kufundishwa.)

Malengo nayo yana makali pande mbili. Mkusanya kodi akipimwa kwa kiasi alichokusanya peke yake, atakwenda kwa walio karibu na rahisi kubanwa. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka wakilalamikia, pamoja na mengine, namna walivyokuwa wakitozwa kodi. Sisemi malengo pekee ndiyo yaliyowafikisha hapo. Nasema kozi ya kawaida ya biashara haimwandai afisa kwa siku kama ile, siku ambayo anayemdai ndiye pia mwananchi anayemtumikia.

Msimamo wangu, basi, ni huu: zana za meneja ziazimwe, ila kiini cha mafunzo kibaki sheria, haki na uwajibikaji. Unaruhusiwa kunipinga. Ila kabla hujanipinga, anza na sura ya manunuzi na ukaguzi, ambayo wanafunzi wengi huiruka, ndipo uje kwenye ile ya uongozi.