Saa ya mzamiaji kwenye mkono wa mchimbaji

Siku ya posho, saa kumi za jioni, shemeji yangu alifika Mugunga akitoka Rubaya. Viatu vilikuwa bado na udongo wa machimbo. Mbele ya kufika nyumbani akasimama kando ya barabara ya Sake, kwa kijana mmoja anayeuzishaga saa juu ya meza ndogo ya mbao. Karibu zote zilikuwa nyeusi ao rangi ya fedha. Moja tu ilikuwa na uso wa rangi ya machungwa, pete ya bluu kuzunguka kioo, na mkanda wa kaochu. Ndogo, ya kupendeza macho.

— Shemeji, kuja uone! Hii njo ile ya wazungu wanaozamaka mu bahari.

— Dola 120 tu, kijana akasema. Original, papa.

Akaivaa. Ikakaa vizuri juu ya mkono, bila kupita mfupa. Akanyoosha mkono, akaukunja, akautazama tena. Mimi nilikuwa nafikiri kitu kingine: mu mfuko wake kulikuwa pesa ya miezi miwili ya shimo, na ndani ya hiyo pesa kulikuwa minervale ya watoto watatu.

Nikamwambia: tusiharakishe. Tuitazame kwanza.

Saa ya namna ile ina historia yake. Mwaka 1953, kampuni ya Uswisi Blancpain ilitoa saa iliyotengenezwa kwa ajili ya wazamiaji wa jeshi la Ufaransa. Shida yao ilikuwa moja: mtu akiwa chini ya maji na chupa ya hewa mgongoni, lazima ajue amekaa dakika ngapi. Akisahau, anakufa. Njo maana waliweka ile pete. Unapoanza kuzama, unazungusha alama ya pete mpaka iwe sawa na mshale wa dakika. Kisha ukitupa jicho moja tu, unaona dakika ngapi zimepita. Pete ya kweli inazunguka upande mmoja tu. Ikigongwa kwenye jiwe, itakuonyesha kwamba muda mwingi zaidi umepita, na utatoka mapema. Haiwezi kukudanganya kwamba ungali na wakati.

Rangi nayo haikuwa ya kujipamba. Kampuni nyingine ya Uswisi, Doxa, ilitoa uso wa machungwa mwaka 1967 ili saa isomeke haraka mu maji yenye giza. Saa nyingi za wakati ule zilikuwa ndogo. Baadaye zikanenepa, zikawa kama kifuniko cha chupa. Siku hizi wenye pesa wanazitafuta tena ndogo na za rangi kama zamani: Tudor ilitoa ya milimita 37 mwaka 2023, Doxa ya milimita 39 mwaka 2024. Ya Doxa inapita dola 1.500, ya Tudor inapita hata mara mbili ya hiyo.

Sasa, original ya bei ile inafanya nini juu ya meza ya mbao kwa dola 120? Nikamwomba kijana ruhusa, tukaanza kuipima.

Kwanza pete. Shemeji aliizungusha kuume, ikaenda. Akaizungusha kushoto, ikaenda pia, laini kama kifuniko cha chungu. Alama mbaya.

Pili, mshale wa sekunde. Juu ya uso waliandika kwamba ni saa inayojitia nguvu kwa mwendo wa mkono, bila pili. Mshale wa saa kama hiyo unatembeaka karibu bila kusimama. Huu ulikuwa unaruka mara moja kila sekunde: tak, tak, tak. Ndani kulikuwa pili ndogo.

Tatu, kile kichwa cha pembeni cha kurekebisha saa. Kwenye saa nyingi nzuri za kuzamia kinafungwa kwa kukizungusha kama bulo, ili maji yasiingie. Hiki kilivutwa tu na kusukumwa.

Nne, mwangaza. Tuliifunika kwa mikono miwili, tukachungulia. Giza kabisa. Saa ya mzamiaji isiyoonekana mu giza ni bangili.

Nyuma waliandika metre 200. Ziwa letu la Kivu lina kina cha karibu metre 480, lakini saa ile singeiamini hata mu beseni la kunawia. Kijana hakukasirika. Akashuka mpaka dola 40, kisha 15.

Shemeji alikuwa bado ameivaa. Akauliza:

— Ile metali ya saa za kweli ni nini?

Nyingi ni chuma kisichoshika kutu. Lakini nilimwambia kitu kilichomfanya anyamaze. Mwaka 1993, kampuni Omega ilitoa saa ya kuzamia yenye tantale ndani yake, pamoja na titani na zahabu. Mwaka 2018 ikairudilia. Tantale njo ile inayotokaka mu koltani: nzito mara mbili ya chuma, rangi ya kijivu inayoelekea bluu, haishikwi na kutu. Yeye anabebaka lile jiwe jeusi mgongoni. Hajawahi kuona linageuka kitu cha kuvaa.

Kisha akasema neno ambalo ningali nalifikiri mpaka leo:

— Wale wa mu bahari wanahesabu hewa. Sisi ku shimo, nani anahesabu?

Hapa Mugunga hatuhitaji kufundishwa juu ya hewa. Mu mabonde ya mawe ya volkano tuko na mazuku, gazi nzito kuliko hewa, isiyo na rangi, isiyo na harufu. Inalala chini, zaidi usiku na asubuhi upepo ukikosa, na inaua mbuzi, mbwa, hata watoto. Kila mama wa hapa anamkatazaka mtoto kushuka kwenye kishimo asubuhi. Hewa mbaya ya ndani ya tunele inafanana nayo: haikuiti, inakulaza tu.

Saa haiwezi kusikia gazi, hata ya dola 3.000. Lakini kuhesabu kunasaidia. Wachimbaji wawili wakipatana kwamba wa chini atatoka kisha dakika 30, na wa juu akaandika kwa mkaa kwenye ubao saa aliyoingia, basi wako na ile pete ya bluu bila kulipa kitu. Muda ukifika, kamba inavutwa. Kichwa kikianza kuuma ao miguu ikilegea, mtu anatoka bila kungojea muda. Na mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila pompi ya hewa: mara nyingi aliyeenda kuokoa njo anakuwa maiti wa pili.

Shemeji aliivua saa, akaipangusa kwa shati, akairudisha juu ya meza. Tulifika nyumbani giza likiingia. Dada yangu alihesabu pesa mara mbili, akatenga ya minervale, akaifunga kwenye kitambaa.

Siku ya kwanza asubuhi shemeji alirudi Rubaya. Mu mfuko wa koti alikuwa na saa ya plastiki nyeusi ya dola 5, aliyoinunua kwa kijana yuleyule. Inawaka ukibonyeza. Si yake ya kuvaa, alisema. Itabaki juu, mu mkono wa yule anayeshika kamba.