Chini ya Meli, Kwa Moto wa Kogo

Cuzo alikam shags mwezi wa sita, msimu ule Keringet inakuwanga na ukungu mpaka saa nne na ng'ombe zinatoka zizini zikipumua moshi. Alikuwa amemaliza miezi tisa baharini. Mbogi ya base ilijipanga stejini kumcheki akishuka mat na cheni shingoni. Alishuka na begi moja, jaketi nzito, na mikono imepasuka kama ya mse wa mjengo. Sabuni, alisema. Huko unanawa kila ukigusa kitu kipya, siku nzima, miezi tisa.

Jioni tukajazana jikoni kwa Kogo, nyanya yetu, moto umeshika, karai la waru katikati. Kila mse alitaka picha. Hapa mtaani wote tushaona zile video za TikTok: bwawa la kuogelea juu ya meli, disko, dishi la kujipakulia bila mtu kukuangalia sahani. Cuzo hakuwa nazo. "Mi sikuwa huko juu," alisema. "Lakini naeza watembeza chini."

Na manze, hiyo ziara ya chini ipo na inauzwa. Royal Caribbean wanaiita All Access Tour, Carnival wanaiita Behind the Fun. Abiria ashalipia safari, halafu anaongeza chapaa ingine ndo apelekwe kwa milango ambayo siku zote imeandikwa asiingie: jikoni, dobi, storo za chakula, nyuma ya jukwaa, chumba cha kuongozea injini, hadi kwa nahodha. Kuna meli simu inabaki nje, hakuna kupiga picha. Wanatembea kikundi kidogo, wanaambiwa wasiguse kitu. Cuzo alijua hiyo ziara fiti sana, ju ye alikuwa moja ya vitu walikuwa wanaonyeshwa.

Sisi hatukukata tiketi. Alichota jivu kwa jiko, akamwaga mstari mrefu kwa sakafu ya udongo, akasimamisha magunzi mawili kama dohani. Akaweka waru moja chini kabisa ya huo mstari. "Hapa ndo nalala."

Kogo akacheki hiyo waru kitambo. Alibonga kwa Kipsigis, mi nawatafsiria. "Mimi ni mtu wa mlima. Meli naijuaje? Nieleze polepole."

(Ukweli ni meli zishapita hapa kwetu. MV Victoria na MV Uhuru, zile za Ziwa Victoria, ziliundwa Scotland kwa kiwanda cha Yarrow, zikafunguliwa vipande, zikaletwa Mombasa, zikapandishwa treni hadi Kisumu zikaungwe tena. Na treni ya Kisumu inapanda Elburgon, Molo, Mau Summit, ndo iteremke upande ule mwingine. Kuna fathe wa mtu alikuwa analima pareto hapo kando ya reli wakati vyuma vya meli vinapita, na hakuna aliyemwambia ni meli.)

Swali la kwanza la Kogo lilikuwa: ni watu wangapi? Meli ya cuzo siitaji, ju bado ana kandarasi na wenye meli. Lakini chukua moja ya zile kubwa kabisa, Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria kutoka Miami Januari 2024. Urefu ni mita 365. Ikijaa inabeba abiria 7,600, na wafanyakazi 2,350 juu yao. Kogo akauliza hao 2,350 wanafanya nini. Cuzo akacheka. "Wanafanya hao wengine wasifanye kitu."

Sasa, kwa kila meli kama hizo kuna barabara moja ndefu huko chini, imetoka mbele hadi nyuma, na abiria haioni. Kwa meli za Kimarekani mabaharia wanaiita I-95, jina la ile barabara kuu inayotoka Florida hadi Maine. Waingereza wao waliiita Burma Road. Sakafu ni chuma, mabomba juu kichwani, taa nyeupe haizimwi usiku wala mchana. Cuzo alisema tufikirie Total pale Mau Summit, Ijumaa jioni, lori zote zikirudi kwa wakati mmoja. Mikokoteni ya shuka chafu inaenda, mikokoteni ya maua inarudi, mse wa Ufilipino anapiga kelele upishe, mdem wa kucheza jukwaani anapita na manyoya kichwani akikimbia kubadilisha nguo. Milango ya pembeni ndo inafungukia kila kitu. Ukisukuma mmoja unatokea kwa zulia na muziki laini, na hapo lazima uso wako ubadilike kabla mguu wa pili haujavuka. Hiyo ya uso, cuzo alisema, ndo ilimchukua muda kujifunza. Waru alijua kumenya akiwa na miaka sita.

"Na maji?" Kogo akauliza. "Bahari si ni chumvi?"

Hapa cuzo alipenda. Sisi ni watu wa Keringet, jina la kwetu limeandikwa kwa chupa za maji dukani, maji kwetu ni kitu ya kujivunia. Kwa meli wanatengeneza yao. Joto la injini, ambalo lingepotea hewani, linatumika kuchemsha maji ya bahari yageuke mvuke. Mvuke ukipoa unakuwa maji safi, chumvi inabaki nyuma. Njia ya pili ni kuyasukuma kwa presha yapite kwa ngozi laini inayozuia chumvi. Kogo akatikisa kichwa, akasema hayo maji yaliyochemka hivyo hayana ladha. Cuzo akakubali. Ndo maana siku alifika, kitu ya kwanza aliinama mtoni.

Choo alieleza haraka: kinavuta kwa upepo, uchafu unasafishwa kwa mtambo, na kuna sheria ya kimataifa, MARPOL, inayosema nini kinaweza kumwagwa wapi. Plastiki hairushwi baharini kabisa, popote pale. Mabaki ya chakula yanasagwa, na lazima meli iwe mbali na nchi kavu. Kuna wasee mboka yao ni kuchambua takataka kwa mkono, chupa huku, kopo kule, na hao pia wageni wa ziara huonyeshwa.

Halafu Kogo, bila kuinua macho kwa waru: "Mtu akifa?"

Kimya. Cuzo akasema kuna chumba kidogo cha baridi karibu na kliniki. Wazee wengi hupanda hizo meli, wengine wanajua hawana siku nyingi. Hakuendelea. Kogo alisema neno la kuomba, akachukua waru ingine.

Gali ndo ilichukua usiku. Ndo jina la jiko la meli, na cuzo alikuwa chini kabisa ya gali, kwa chumba cha mboga. Kila kitu ni chuma cha kung'aa. Ubao wa kukatia nyama ni rangi yake, wa samaki rangi yake, wa mboga rangi yake, na ukichanganya unapigiwa kelele na mtu wa nchi hata huijui. Sababu ni hii: meli zinazotia nanga Marekani zinakaguliwa na watu wa afya wa CDC, wanakuja bila kupiga hodi. Alama ni 100. Ukipata 85 kushuka umefeli, na matokeo yanawekwa wazi dunia nzima isome. Tumbo moja la kuhara likiingia kwa watu elfu kadhaa waliofungiwa pamoja, safari imeharibika. Ndo ile sabuni. Ndo ile mikono.

Waru inamenywa na mashine: pipa lenye kuta za kukwaruza, unamwaga, linazunguka, ngozi inatoka. Lakini macho ya waru mashine haifikii. Hayo yanatolewa na kisu, na kisu kinashikwa na mtu. Huyo mtu ndo cuzo.

Tulipiga hesabu hapo hapo, mi na simu, cuzo na vidole. Kwa ile Icon ikijaa, abiria na wafanyakazi ni watu 9,950. Sema kila mmoja adishi robo kilo tu ya waru kwa siku, na kwetu hiyo ni ya mtoto. Ni karibu kilo 2,500. Magunia 50 ya kilo 50. Kila siku. Kwa wiki ni kama magunia 350. Jamaa mmoja wa base, ambaye alikuwa na waru yake ya Shangi nusu eka inaozea shambani ju broka alitaka gunia lijae hadi lishonewe shingo kwa bei ile ile, alisimama akatoka nje kidogo. Alirudi akauliza kama hao watu wa meli wananunua Mombasa.

Ni swali la maana kuliko yote tuliyouliza, na nalirudia hapa nikitaka lisikike Nakuru na lisikike Mombasa. Pale Kilindini, gati namba 1, kuna jengo la abiria wa meli za kitalii. Norwegian Dawn ishatia nanga Mombasa, na hiyo inabeba abiria zaidi ya 2,000. Abiria wakishuka wanapelekwa Fort Jesus, wengine Tsavo, na hiyo ni poa. Lakini meli yenyewe pia ina njaa. Waru zetu zinafika soko la Kongowea, huko huko Mombasa, kwa lori. Kutoka Kongowea hadi Kilindini si mbali.

Sasa ngoja niwaambie venye cuzo alifika huko, ju najua nusu ya mnaosoma hii mnauliza hiyo tu. Mara ya kwanza alikulwa doo. Kulikuwa na ofisi Nakuru, na mse wa tai, na fomu, na elfu nyingi za fathe zilizotoka kwa ndama wawili. Ofisi ikafungwa. Kitu hakujua wakati huo ni kwamba kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, Kenya iliuidhinisha 2014, na unasema wazi: ajenti hafai kumtoza baharia doo ya kumtafutia kazi. Baharia anaweza kulipia cheti cha daktari, kitabu chake cha ubaharia na pasipoti. Visa ni ya mwenye meli. Mtu akikuitisha ada ya kukuunganisha, hata akuonyeshe picha na nahodha, ishia. Maajenti wenye leseni wanajulikana na Kenya Maritime Authority, na kuuliza ni bure.

Mara ya pili alianza na masomo. Bandari Maritime Academy iko Mombasa. Kitambo ilikuwa Bandari College, ikageuzwa akademia 2018. Zile kozi za msingi za usalama kila baharia lazima apitie: kuokoa maisha majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, kuishi na wenzako bila kuumizana. Mtoto wa Mau hajui kuogelea. Mito yetu ni baridi hadi mifupa, unavuka kwa mawe, basi. Alituambia venye alisimama juu ya maji na boya limefungwa kifuani, mwalimu anasema ruka, watoto wa Likoni washaruka wanacheka huko chini, na ye miguu inakataa. Aliruka akiwa amefunga macho. Alikunywa chumvi. Aliibuka.

Na hiyo si ya cheti tu. Ndani ya meli kila mfanyakazi ana kazi ya pili. Filimbi ikilia sauti saba fupi na moja ndefu, mmenya waru anakuwa mtu wa kuongoza abiria kwa mashua za kuokolea. Cuzo alikuwa na watu wake wa kuhesabu, kwa kona yake ya deki. Ni wakati wa hayo mazoezi ndo alikuwa anaona bahari mchana. Chumba chake kilikuwa chini, hakina dirisha, vitanda viwili kimoja juu ya kingine, pazia ndo mlango wako wa siri. Sheria ya mkataba inasema upate angalau saa kumi za kupumzika kwa kila saa 24. Zinazobaki ni nyingi, na unazipiga siku saba kwa wiki.

Mi simwambii mtu asiende. Cuzo amelipa karo ya siz wake hadi amalize, na zile ndama zimerudi zizini zikiwa nne. Ninachotaka ni uende ushaona hiyo waru pale chini ya mstari wa jivu. Ushajua taa haizimwi.

Moto ulikuwa umepungua. Mbogi ilianza kuishia mmoja mmoja, ukungu umeshuka tena. Kogo alisukuma kuni ndani, akamimina mursik kwa kikombe cha cuzo mara ya tatu.

"Hao wageni," alisema. "Wale wanalipa kuja kuona unakofanya kazi. Wakiingia wanakusalimia?"

Cuzo alifikiria. Alisema wengi huangalia mashine. Wanauliza inamenya waru ngapi kwa saa, anayewaongoza anajibu, wanacheka, wanapita. Siku moja kulikuwa na mama mzee nyuma ya wengine, anatembelea fimbo. Alisimama, akauliza unatoka wapi. Cuzo akasema Kenya. Mama akasema simba. Cuzo akasema hapana, huko kwetu ni baridi, ni kwa kina Faith Kipyegon, yule wa mita 1,500. Mama akaweka fimbo kwapani ili mikono iwe huru, akauliza jina lake. Si la beji, lile la nyumbani. Akajaribu kulitamka.

"Alipata?" Kogo akauliza.

"Ya kwanza hapana. Ya pili hapana. Wenzake walikuwa washafika kwa nyama, anaitwa. Akakataa kwenda."

"Halafu?"

"Ya tatu akapata."